Dereva wa Lori la Hajji Wahabi

Mimi ni Nasrudin bin Wahabi bin Shakib. Babu yangu Shakib alifika Tororo akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akastaafu na nishani mbili na jina safi, hata machifu wakawa wanamwita kuamua ugomvi wa mipaka ya mashamba. Baba yangu, Hajji Wahabi, alipigana Burma, akarudi Busia na kuanzisha kazi ya usafirishaji, na hakuna mfanyabiashara wa upande huu wa mpaka au wa ule aliyewahi kusema kwamba gunia lake lilipungua ndani ya lori la Wahabi. Mimi mwenyewe nilifundisha miaka thelathini na minane, ishirini kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu. Nayataja haya ili anayesoma ajue kwamba kosa nitakalolieleza lilitendwa na mtu aliyelelewa vyema.

Kabla ya kufariki, mwaka 1991, baba alinikalisha mezani siku kumi na moja akanisimulia habari za Burma. Alianza na namba yake ya jeshi, kikafuata kikosi, kisha meli, na kila tarehe ikaja mahali pake. Nilipostaafu niliiendeleza kazi hiyo. Niliwaita wapiganaji wa zamani wa Busia na Tororo, wale wa vita vya 1979 vilivyoiangusha serikali na vya miaka iliyofuata, pamoja na wanavijiji ambao vita vilipita milangoni mwao. Sheria yangu ilikuwa moja kwa wote: shahidi huja asubuhi kabla hajaonja kinywaji, huketi mezani, hutaja jina, namba na kikosi, kisha hunyoosha kisa tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi humsomea nilichoandika, naye huweka dole gumba. Kwa njia hiyo nilijaza madaftari kumi na mawili, na nilijivunia kila ukurasa.

Erisa alikuja kutoka Buteba mwaka 2019. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye koti lililomzidi mabega.

"Namba ya jeshi?" nikamwuliza.

"Namba nilitupa pamoja na nguo, Hedimasta. Mwaka ule ukikutwa na namba, raia wanakupiga mawe."

"Kikosi?"

"Wacha nianze na maharagwe."

"Maharagwe gani?"

"Tulikuwa tunapika maharagwe Tororo, chini ya mwamba. Tunakimbia, lakini tunapika. Afande akasema mwageni, adui amefika. Mimi nikasema simwagi, nikala mabichi. Wee! Tumbo ikapiga vita yake peke yake."

Habibah, mke wangu, aliyekuwa akipanga vikombe, akacheka. Mimi niliweka kalamu chini. Nikamwambia Erisa arudi siku nyingine akiwa amepanga maneno yake.

Alirudi baada ya wiki mbili, akaanza tena na maharagwe. Nikamrudisha tena. Mara ya tatu alikataa kuketi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Hedimasta, kichwa yangu imesahau. Mguu haijasahau. Twende Tiira, nakwenda onyesha wewe. Kuna mtu pale."

"Mtu gani?"

Akatazama sakafu. "Nikitembea, nitasema."

"Historia haiandikwi njiani. Keti, anza na mwaka na mwezi. Huyo mtu tutamfikia katika zamu yake."

"Mzee, nenda naye tu," Habibah akasema kwa Kisamia ili kunisitiri. "Tiira si Makka."

Sikwenda. Erisa alinipigia saluti, mimi ambaye sikuwahi kuvaa gwanda, akasema, "Sawa, afande," akaondoka. Hakurudi tena. Mwaka 2022 nilisikia kwamba amefariki kwa ugonjwa wa kifua. Nilisema *Inna lillahi*, nikaendelea na daftari la kumi na tatu.

Februari mwaka 2024 alikuja Bridgit. Huyu ni binti wa Osinya, aliyekuwa dereva wa baba yangu kwa miaka tisa. Aprili 1979, askari waliokuwa wakikimbia kutoka Tororo waliliteka lori letu pamoja na Osinya. Lori lilipatikana limeungua kando ya barabara. Osinya hakupatikana. Bridgit alizaliwa miezi sita baadaye. Leo ameolewa upande wa Kenya na huuza omena, yaani dagaa wa ziwani, sokoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti Osinya. Karibu uketi."

"Siketi. Nimekuja kumchukua baba."

Sikumwelewa. Akaeleza kwa haraka, kama mtu aliyekuwa akiyarudia maneno hayo njia nzima. Aboth, binti wa marehemu Erisa, huuza naye meza moja. Kabla ya kukata roho, Erisa alimwambia bintiye kwamba dereva wa Hajji Wahabi amelala Tiira, kwamba yeye Erisa ndiye aliyeshika sepetu na kumfukia, na kwamba habari za mahali pale ameziacha kwa Hedimasta.

"Aboth alidhani ulituita kitambo," Bridgit akasema. "Jana ndio ameuliza, eti tulimzika baba lini. Mwalimu, Mama yuko Masafu hospitali. Figo zimekataa. Fungua hiyo daftari."

Mama yake ni Amoit. Katika ukoo wa Osinya, mtu aliyepotea bila mwili kupatikana huzikwa kwa mgomba: shina hukatwa, huvikwa shuka, huliliwa, kisha hufukiwa bomani kama maiti. Amoit alikuwa amekataa kwa miaka arobaini na mitano. "Sikuolewa na mgomba," aliwaambia wazee. Nao walimjibu kwamba bila kaburi la mume hakuna pa kumlaza yeye. Siku yake ikifika, atarudishwa kwa kaka zake Buteba kama mwanamke ambaye hakuwahi kuolewa.

Nilifungua daftari. Bridgit akalisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari: *Erisa, wa Buteba. Huanza na maharagwe. Hana mpangilio.*

Akafunua ukurasa uliofuata, kisha akarudi. "Iko wapi ingine?"

"Hakuna nyingine."

Akalifunga daftari. "Hata kama alianza na maharagwe, Mwalimu, si ungengoja yaive?"

Hapo ndipo nilipomwelewa Erisa. Alikuwa mmoja wa askari wale waliokimbia kutoka Tororo; alijua mimi ni mwana wa nani, na ndiyo sababu alikuja kwangu. Mtu anayekwenda kuungama kwa wenye lori haanzi na kaburi. Huanza mbali, mahali panapochekesha, apate nguvu ya kufika. Mimi nilimkatiza njiani mara tatu.

Kesho yake tulikwenda Tiira. Ardhi ile imetobolewa mashimo kila hatua chache, na vijana hushuka humo kwa kamba kutafuta dhahabu. Kijana mmoja aitwaye Clifford, mwenye matope hadi kwenye nyusi, alitusikiliza.

"Mifupa tulipata, mzee. Mwaka 2021. Shimo lile, ama lile la pili. Tulijua ni ya ng'ombe."

"Ikaenda wapi?"

"Ilipita na udongo. Udongo tunasaga, tunaosha."

"Huyo ng'ombe wenu," Bridgit akauliza, "alikuwa na nguo?"

Clifford akafuta mikono kwenye suruali. "Kulikuwa na mkanda," akasema. "Pole, mama."

Huenda alikuwa Osinya, na huenda hakuwa yeye. Aliyejua nilimwamuru akapange maneno, na wakati huo, mwaka 2019, shimo lile lilikuwa halijachimbwa.

Tukiwa njiani kwenda Masafu, Bridgit alinishika mkono wa kanzu. "Mwambie umepaona. Taja mti wowote. Mama anakufa, Mwalimu. Nani atakuja kukuuliza?"

Nakiri kwamba nililipima jambo hilo hadi mlangoni mwa wodi. Amoit alikuwa amelala akitazama mlango, miguu imevimba, macho yangali makali.

"Umekuja na Osinya?"

"Hapana, Mama Bridgit. Aliyemfukia alikuja kwangu mara tatu. Nilimfukuza."

Akauliza, "Alisema alikufaje?"

"Hakufika hapo."

"Alimfunika na kitu? Au ni udongo tu?"

"Hakufika hapo."

Alifumba macho. "Miaka yote hii nimewazuia wasikate mgomba," akasema. "Leo wewe umekata."

Akageukia ukutani. Alifariki siku ya nne. Watu wa ukoo walikata mgomba asubuhi, wakauvika shuka nyeupe, wakaufukia, na alasiri wakamlaza Amoit kando yake. Niliponyoosha mkono nipewe sepetu, Bridgit aliivuta. "Keti, Mwalimu," alisema mbele ya watu wote. "Kazi yako ni ya mezani." Niliketi.

Sasa nasema nanyi, wajukuu zangu na vijana wote mnaosoma haya. Wazee waliobaki Buteba, Masafu na Tororo wanahesabika kwa vidole. Nendeni kwao wiki hii. Atakayeanza katikati, mwacheni aanze katikati. Atakayelia, ngojeni. Aliyekunywa, msikilizeni hivyo hivyo, kisha mrudieni akiwa amelala na kuamka. Akisema twende, inukeni mwende naye. Tarehe zitapangwa baadaye na yeyote ajuaye kuhesabu, lakini mahali alipolala mtu hapajulikani kwa hesabu. Mimi nilisubiri neno lililonyooka, na mwanamke amelazwa kando ya shina la mgomba kwa sababu yangu. Msinijibu kwamba mmesikia. Ondokeni mwende.