Ng'ombe wa Boikanyo

Gaolekwe hakuwa mtu wa kuvuta tela kienyeji. Siku zote alichuchumaa kwanza nyuma ya pikapu, akanyanyua mkono wa tela kwa nguvu zake zote aone kama gari nalo linanyanyuka, akatikisa mnyororo wa kulishikilia tela likichomoka, ndipo akawasha gari. Majirani walimcheka weee, mpaka wakachoka.

Ila alfajiri hii tela lilifungwa na mjomba wake, Ramosweu, kaka wa marehemu mama yake. Ndani walisimama ng'ombe wanne, mahari ya Boikanyo. Boikanyo alikuwa mkewe kwa miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa ndani ya jeneza nyumbani kwa wazazi wake, kijiji cha pili. Mahari Gaolekwe hakuwahi kuitoa. Kila mwaka alisema mwakani. Wakwe nao hawakumung'unya maneno: ng'ombe waingie zizini kabla jeneza halijatoka, jua likichomoza. La sivyo wanamzika kama binti yao asiye na mume, na watoto wawili wanabaki kwao.

Gaolekwe akapiga magoti nyuma ya gari.

"Unatafuta nini huko chini?" mjomba akauliza.

"Naangalia tu, mjomba."

"Unanikagua mimi? Mimi niliyehangaika kukutafutia hawa ng'ombe? Haya, kagua! Halafu ukaongee na wakwe mwenyewe, tuone nani atakusikiliza."

Na kweli, nani angemsikiliza? Mahari bila mjomba haipokelewi. Gaolekwe akasimama, akajipangusa magoti, akaomba radhi. Jamani, heshima gani hii ya kumzuia mtu asiiname!

Walipoteremka kwenye mto mkavu, gari likarushwa na shimo, mara likawa jepesi. Kwenye kioo Gaolekwe aliliona tela likishika njia yake, likagonga ukingo na kupinduka. Mnyororo haukuwa umefungwa popote. Ng'ombe mmoja alikufa palepale, wawili walivunjika miguu, wa nne akatokomea porini.

"Haki ya Mungu nililifunga, mpwa wangu," mjomba alisema. "Nililifunga."

Gaolekwe alitamani kumpiga, akatamani kulia, na jua lilikuwa limeshatoka. Alimwacha pale na wanyama wanaolia, akaendesha peke yake.

Aliwakuta wakwe wameshafika makaburini. Mchungaji alikuwa akisoma wasifu: Boikanyo, binti wa fulani, mama wa watoto wawili. Mume hakutajwa. Watoto walikuwa wamesimama katikati ya babu na bibi yao, wameshikwa mikono, na mdogo alipomwona akataka kumkimbilia, bibi akamvuta.

Jeneza likateremshwa. Gaolekwe akajipenyeza mbele, akainama kuchota udongo. Kaka wa Boikanyo akamshika bega, taratibu tu, wala hakuwa na hasira.

"Bwana, subiri kidogo," alimwambia. "Wafiwa wamalize kwanza."

Gaolekwe akaudondosha ule udongo, akarudi nyuma kusimama na wageni.