Usiku Mmoja Hotelini

Saa moja na nusu asubuhi Jovelyn Gatdula alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, nje ya duka la fotokopi, akisaini karatasi juu ya siti. Kila nakala saini yake, na kila saini kwa wino wa buluu. Mwaka juzi watu wa uhamiaji walimrudisha kwa sababu ya wino mweusi, eti hawawezi kutofautisha karatasi halisi na nakala, ingawa zote alizopeleka zilikuwa nakala. Alisaini mara thelathini na nne. Binti yake Althea, mwenye miaka kumi, alikuwa anampa kurasa mojamoja na kuzipokea zilizosainiwa, bila kuambiwa.

"Na hii ya kambi, Mama?" Althea alitoa karatasi ya shule iliyokunjwa. Maskauti wa darasa lake wangelala milimani siku mbili, mkoa wa jirani, baada ya wiki mbili. Kwa siku kadhaa sasa hakuwa na hadithi nyingine.

"Jioni. Wino usije ukatuishia njiani."

Kibali chao cha kukaa nchini kilikuwa kinaisha siku ile, Ijumaa. Si kwamba Jovelyn ni mzembe. Barua ya shule ilichelewa kwa sababu mkurugenzi alikuwa ziarani, na karani hathubutu kupiga muhuri bila mkurugenzi, kwa hiyo barua ilitoka Alhamisi saa kumi jioni. Mwaka wa sita huu Jovelyn anafundisha sayansi katika mji huu wa Thailand, na mumewe yuko melini miezi tisa kila mwaka. Kibali cha kukaa kikifa, cha kazi kinakufa nacho. Itabidi watoke nchini wakaombe upya, na shule haitasubiri. Kwao Ufilipino walimu wa sayansi wanaotafuta nafasi kama yake wamejaa tele, na mkurugenzi hupenda kuwakumbusha walimu wake jambo hilo kwenye vikao.

Saa nne na dakika kumi, katika ofisi ya uhamiaji, namba yao iliitwa. Afisa wa dirisha la nne alikuwa mwanamke wa makamo, Darunee kwa mujibu wa kibati chake kifuani. Jovelyn alikutanisha viganja, akainamisha kichwa, akasukuma bahasha. Mkataba, barua, pasipoti mbili. Picha za mama na mtoto mbele ya namba ya nyumba, sebuleni, jikoni. Ramani ya kufika nyumbani, iliyochorwa kwa mkono kama inavyotakiwa, na iliyochorwa na Althea kwa sababu yeye ndiye mwenye mkono mzuri.

Afisa alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena.

"Mwalimu, mmehama lini?"

"Hatujahama, dada."

"Kompyuta inasema mmehama." Akageuza skrini kidogo.

Maandishi ya Kithai Althea huyasoma haraka kuliko mama yake. "Mama," alinong'ona, "ni ile hoteli ya bethdei yangu."

Wiki tatu zilizopita, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, walikwenda kulala baharini. Usiku mmoja. Mtoto alikuwa amefikisha miaka kumi na hajawahi kuona bahari ya nchi anayoishi. Mhudumu wa mapokezi alichukua pasipoti kwa tabasamu, akazirudisha kwa tabasamu. Sheria inaitaka kila hoteli iripoti mgeni wake, naye aliripoti. Kisha raia wa kigeni wanaporudi nyumbani wanakopanga, mwenye nyumba wao anatakiwa aripoti upya kwamba wamerudi, ndani ya saa ishirini na nne. Wafilipino wote wa mji ule wanalijua jambo hilo, na wote walilijua baada ya kuumia. Jovelyn hakuwa ameumia kwa sababu hakuwa na fedha za kulala nje ya nyumba yake. Kila aliporudi kutoka likizo ya Ufilipino, karani wa shule ndiye aliyemripoti pamoja na walimu wengine.

"Lakini tunaishi pale, dada. Picha ndizo hizo."

Afisa alizitazama kwa haki kabisa. "Picha nzuri. Kompyuta haioni picha. Mlete mwenye nyumba, yeye mwenyewe, na kitambulisho na kitabu cha usajili wa nyumba. Amechelewa kuripoti, kuna faini ya baht mia nane. Saa tisa mashine ya namba inazimwa."

"Tusipowahi?"

Althea alimsikiliza afisa mpaka mwisho, akamgeukia mama yake. "Anasema kesho tutakuwa tumezidisha muda. Na wiki ijayo haongezi kitu kilichokwisha."

Shangazi Somjit, mwenye nyumba, hakuwa nyumbani. Ilikuwa siku takatifu, na majirani walisema yuko hekaluni na sufuria zake. Walimkuta ukumbini, amepiga magoti kati ya wanawake wenzake, akipanga mabakuli ya mchuzi mbele ya watawa. Ni lazima watawa wamalize kula kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo hawali tena mpaka kesho.

"Mwalimu Jovi! Na wewe umekuja kuchuma thawabu? Vua viatu, kaa, mtoto anywe maji."

"Shangazi, nakuomba unisindikize uhamiaji. Leo hii."

"Mimi? Nimeua nani?"

Wanawake wakacheka. Jovelyn alicheka pia, halafu akaeleza, na pale maneno yalipompungukia Althea aliongezea. Kicheko kikaisha. Shangazi Somjit alifuta mikono taratibu kwenye sketi yake.

"Tangu uhamie, karani wenu anajaza mwenyewe, mimi sijawahi kuweka saini popote. Zile nyumba zangu nne watu wanajua wanakaa ndugu wa marehemu mume wangu. Nikienda mwenyewe na kitabu mkononi, nimekiri nina wapangaji. Watu wa kodi ya mapato wataniuliza za miaka yote."

"Shangazi, bila wewe tunaondoka nchini."

"Nimekusikia, mwanangu. Sina roho mbaya." Alimtazama Althea, akamsogezea wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la mgomba. "Basi kodi ya nyumba iongezeke mia tano, kuanzia tarehe moja. Si mimi, ni mapato."

Kodi ilikuwa elfu nne na mia tano, na choo kilikuwa kinavuja tangu mvua za mwaka jana. Hasira ilimpanda Jovelyn mpaka masikio yakawaka. Lakini katika mji ule anayepaza sauti ndiye anayehesabiwa kuwa ameshindwa, na hapo walikuwa mbele ya watawa. Lisilo budi hutendwa.

"Sawa, Shangazi. Twende?"

"Watawa hawajamaliza. Wakimaliza nasi tunakula. Hata huko ofisini mchana wanakula, unakimbilia wapi? Kawia ufike, Mwalimu."

Walikula. Kisha Shangazi Somjit alikwenda nyumbani kuoga, akapaka poda, akabadili blauzi mara mbili, maana huwezi kwenda serikalini unanuka vitunguu. Kitabu cha nyumba hakikuwa kabatini. Hakikuwa chini ya godoro. Saa nane kasoro kumi kilipatikana nyuma ya picha ya marehemu, ambako marehemu mwenyewe alikiweka. Wakapanda pikipiki watatu, mtoto katikati, Shangazi ameketi upande na kitabu kifuani.

Walifika saa tisa kasoro dakika nane. Jovelyn alichukua namba ya mwisho iliyotolewa na mashine siku ile.

Mbele ya dirisha la nne Shangazi Somjit alikuwa mtu mwingine. Yule mwanamke aliyedai mia tano mbele ya watawa sasa aliinua viganja mpaka kwenye paji la uso kwa afisa aliye umri wa mkwe wake, akamwita bosi, akasaini palepale alipoonyeshwa. Jovelyn alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi. Akalipa faini ya mia nane. Stakabadhi iliandikwa jina la Shangazi.

Kwenye skrini, baada ya mibonyezo kama ishirini, waliacha kuishi hotelini.

Afisa Darunee alifunua bahasha upya. Alikaa sana kwenye ramani. Palikuwa na njia panda, mfua nguo, kibanda cha tambi, na mlangoni mwa nyumba yao mbwa.

"Mbwa huyu yupo kweli?"

"Yupo," alisema Althea. "Anaitwa Dam. Ana miguu mitatu."

Afisa alihesabu miguu ya mbwa kwenye karatasi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akapiga muhuri. Haukuwa wa mwaka mzima. Ulikuwa wa siku thelathini, wa maombi yanayofikiriwa, na siku ya thelathini warudi waone mkubwa wake ameamuaje. Akaongeza sentensi moja ndefu kwa Kithai cha ofisini, ambacho Jovelyn hakukielewa.

"Anasemaje?"

Althea aligusa karatasi iliyokunjwa mfukoni. "Anasema siku hizi thelathini tusilale mahali pengine. Kompyuta ikituona pengine, tunaanza upya."

"Mwambie asante."

Alimwambia.

Nyumbani, jua likiwa bado halijazama, Jovelyn alikaanga wali wa jana kwa kitunguu saumu na mayai mawili. Dam alikuwa amelala mlangoni mahali pake. Jirani alipita akauliza mambo yamekwendaje, Jovelyn akasema salama. Alipogeuka na sahani, karatasi ya kambi ilikuwa mezani, imeshajazwa jina, darasa na namba ya simu. Visanduku vilikuwa viwili, na Althea alikuwa ameweka alama kwenye kile cha pili.

"Umeandika huendi."

"Ndiyo."

"Kwa nini? Si ulikuwa unaitaka?"

Althea alikuwa anachambua mayai kutoka kwenye wali, kama anavyofanya siku zote ili ayale mwisho. "Nikilala kule, kompyuta itasema nimehamia kambini. Halafu itabidi Shangazi aende tena. Atapandisha tena."

Jovelyn alitaka kumwambia kwamba kambi ya shule si hoteli, kwamba watoto wa maskauti hawaripotiwi. Hakuwa na uhakika kama ni kweli, na hakumjua mtu wa kumuuliza ambaye asingeliandika swali hilo mahali.

"Saini, Mama. Mwalimu anaitaka Jumatatu."

Akamsogezea kalamu ya buluu. Jovelyn aliishika, akaisoma karatasi yote toka juu hadi chini kama ya serikali, akasaini.