Mikono Ndani ya Mfuko Mweusi

...taratibu, Leodegar, taratibu, ncha ya mkanda wa filamu iko wapi, vidole vinalowa jasho humu ndani ya mfuko mweusi, mikono imezama mpaka viwikoni na zipu haifunguliwi hadi mkanda ukae kwenye kamera, mwanga ukipenya tu umekwisha, na ndio huu mmoja niliobaki nao, dakika mbili na nusu tu za picha, mama kakaa mbele yangu hapa uani kwake Tandika, kavaa gomesi, lile gauni lake la Pasaka, kesho wanampasua koo... daktari kasema sauti inaweza isirudi, kasema kama anakuagiza chumvi dukani... "Braza, si tutumie yangu tu?" Najma huyo, mwenzangu wa kazi za harusi, kamera yake ya kadi iko juu ya stendi, hapana, kadi siitaki, kadi ndiyo iliyommeza baba, Krismasi yake ya mwisho yote, na niliyefomati, niliyefuta kila kitu, ni mie, asubuhi, mbio mbio, niwahi sendofu ya watu Mbezi Beach, nikabonyeza ndiyo bila kusoma, mjinga mkubwa mie, baba keshazikwa na kadi haina kitu... mkanda huwezi kuufuta kwa kidole, mkanda unaushika, unauinua juani, mtu yuko pale, mdogo mdogo, na ngozi zetu mkanda unazipenda jamani, weusi unatoka wa joto, si huu wa kadi, wa kung'arishwa mpaka mtu anafanana na sahani... "Siku unazaliwa," mama anasema, "baba yako alitoka mbio na kiatu kimoja..." ngoja mama, usiseme kwanza! "Sasa nitasema lini, we mtoto?" na anacheka, kile kicheko chake cha kuanzia puani, na vidole vyangu vinasimama, maana hii kamera haisikii, najua haisikii, siku zote najua, nikajidanganya sauti nitachukua na simu baadaye, baadaye ipi, kesho saa mbili asubuhi, mie nahangaika na uso ambao kesho hakuna anayeugusa, na sauti inapita hivi hivi... "Najma! Washa yako, washa!" "Inarekodi tangu alipokaa, braza." Ee Mungu, asante... na mama anaendelea, kiatu kimoja, mguu mwingine peku, matope, mkunga anamcheka, sijawahi kuisikia hii, miaka arobaini na mbili sijawahi, chozi linashuka na siwezi kujifuta, mikono bado iko humu, acha likae, sema mama, sema yote.