Wametumwa Kunikagua

...na kamba ya bukta imekaza, bila shaka, leo ndiyo siku ya kukaza, na Mama Klementina wa kwaya anatazama ukutani, kwenye chati ya mmeng'enyo wa chakula, anasema binti yangu ni dakika moja tu, tunaangalia, tunatoka, unarudi uwanjani, hata sisi tunaona aibu... aibu yenu mmeiweka wapi, mama, mbona naiona imenikalia mimi peke yangu, mabao mawili kipindi cha kwanza, la pili kwa mguu wa kushoto nje ya kumi na nane, kipa wao hakuruka hata, aliusindikiza mpira kwa macho, na badala ya kumuuliza kipa amelala saa ngapi wamekwenda kwa kamisaa wa mechi kulalamika kwamba jezi namba tisa ni mwanaume, basi mapumziko yamegeuka baraza la ukoo, nimeingizwa darasa la sita la shule iliyopakana na uwanja, na Kamisaa Athanasi, kwa akili zake nyingi, amechagua jukwaani akina mama wawili wenye sura ya heshima, mmoja huyu wa kwaya, wa pili akamwokota Sengi Milembe, shangazi yangu, dada yake baba, aliyetoka Shishiyu alfajiri kuja kunitazama nikicheza, na kitenge chake cha harusi, haya, sasa ameambiwa anitazame kweli kweli... Sengi amekaa kwenye dawati, anasema nimewaambia, mwanangu, huyu nilimpokea mimi, kitovu nilikata mimi, wakasema bibi hiyo ni zamani, sisi tunataka leo, zamani! kana kwamba mtu hubadilika kama bei ya pamba, asubuhi hivi, jioni vile, labda ndilo hilo soko huria walilomfukuzia baba kwenye kinu cha pamba cha ushirika, nothing is fixed, hata mimi... na huyo dirishani ni kocha Shigela, ananong'ona, dada Kija, fanya chapchap, tunazitaka pointi tatu, mkataba wako unaisha Juni, viongozi wamekuja kukuona, usituletee siasa, siasa! mimi na kuhakikiwa ni ndugu wa damu, Shigela, cheti cha kuzaliwa, cha form four, cha form six, transcript, Bachelor of Arts with Education, GPA three point eight, upper second, please note, miaka mitatu nagonga milango, we regret to inform you, na kwenye mahafali mgeni rasmi mwenye kitambi alitwambia vijana jiajirini, zama za kungoja serikali zimekwisha, nikajiajiri, mzee, nikajiajiri kwa mguu wa kushoto, klabu ya Dar ikanipa mkataba, mshahara, bima, kazi ya kwanza isiyoniuliza mjomba wako ni nani, na leo kazi hiyohiyo inaniuliza kilichomo ndani ya bukta, niwapigie nakala? niipeleke kwa wakili igongwe mhuri, certified true copy of the original?... Mama Klementina anasema, ukikataa si ndiyo watasema kweli? na ana haki, huo ndio mtego wenyewe, mwaka juzi niliuingia mwenyewe, uwanja mwingine, mkoa mwingine, nikasema bora yaishe, nesi na glavu zake baridi, mimi nimelala natazama misumari ya bati, nesi akaniomba radhi, mara mbili, halafu wakanipa karatasi, amethibitishwa kuwa mwanamke, nikarudi uwanjani, nikafunga bao, nikashangilia kwa kupiga kelele ili nisilie, na karatasi ile nimeibeba kwenye begi la viatu misimu miwili kama kibali cha kusafirishia ng'ombe, leo nimemkunjulia Athanasi, akaigeuza, akaisoma nyuma kusikoandikwa kitu, akasema hii photocopy... nawajua watu wa kwetu, hawaamini kwamba mtu anaweza tu, babu alikuwa manju, mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma la Bagika, alipoimba watu waliwakimbia Bagalu, kundi la wapinzani, wakaja upande wake, uwanja mzima, na hakuna aliyesema mzee ameimba, walisema kazika dawa, wakaja na majembe kuchimba pale alipokanyaga, hadithi hiyo tumeisikia kila msimu wa ngoma, tukicheka, lakini Sengi hacheki, anatazama mikono yake, anasema polepole, baba yetu aliwaacha wachimbe, alisema wachimbe waridhike, wakakuta mchanga, mwaka uliofuata wakaja na majembe mapya... majembe mapya, ee, ndivyo, hakuna siku watakayokuta mchanga wakasema ni mchanga, nikivua hapa nitavua Mwanhuzi, nitavua Nyashimo, nitavua kila nitakapofunga, nikitaka waniamini nikose mabao tu, nipige juu, nianguke kistaarabu, na huo mguu mimi sina... nimeondoa mkono kwenye kamba, sikuuamuru, umeondoka wenyewe, nimesema yaya, Kisukuma, kwa sababu hapana ya Kiswahili ina adabu nyingi mno, yaya mayu, sivui, mama, Mama Klementina anashika kifua, yaya? sasa tumwambie nini kamisaa? mwambieni namba tisa amekataa, aandike, aniondoe mechini, anifungie, Juni ije na mkataba uende, nitarudi Shishiyu nivune pamba na degree yangu, nimeshalala na njaa nikiwa na degree, najua inavyouma, haiui, lakini mwili huu ndio umelima, ndio umekimbia, ndio umewafunga mawili, si ushahidi wa kesi ya mtu... dada Kija! Shigela dirishani, dada, nakuomba, niombe tu kaka, ni bure... na Athanasi anagonga mlango, vipi akina mama, bado? Mama Klementina naye amejishusha kwenye dawati, anapunga kanga, anasema kumbe joto, Sengi amekaa, mimi nimekaa, magoti yamegonga mbao, wanawake watatu kwenye viti vya watoto, na nje wenzangu wanaruka ruka kupasha misuli, wananingoja au wanajipanga kucheza bila mimi, sijui, sijui kabisa, lakini kwa mara ya kwanza tangu nianze kulipwa kuvaa jezi siogopi filimbi.