Maji ya Mlangoni kwa Mwajabu

Mwaka ule wa 2015, mvua zikiwa zimechelewa na malori ya chakula cha wakimbizi yakipishana kwenda kambi ya Nduta, Herieth alianza kumchukia jirani yake Mwajabu kwa sababu ya maji.

Kila asubuhi boza la kumwagilia barabara lilipita. Mlangoni kwa Mwajabu lilitembea mwendo wa kinyonga, vumbi likalowa, likatulia. Likifika kwa Herieth, dereva alifunga maji, akakanyaga mafuta. Vumbi na moshi mweusi wa malori viliingia hadi kwenye sufuria ya maharage, na hadi kifuani kwa Recho, binti yake wa miaka sita, aliyepumua kwa mluzi.

"Wenye macho ya kurembua hawali vumbi," Herieth alirusha maneno juu ya ua.

Mwajabu, mke wa mwenye duka, akacheka. "Kwa dereva Tharsisi, yule mwenye pengo? Mchukue, Mama Recho, pamoja na boza lake!"

Kicheko kile kilimchoma. Siku ya tatu baada ya hapo Recho alibanwa hasa, midomo ikageuka rangi. Herieth akakimbia akasimama mbele ya boza.

"Mwajabu anakupa nini? Na mimi nina mtoto!"

Tharsisi akatoa karatasi. "Mama, namwagia nyumba alizoandika balozi wa nyumba kumi, zenye wagonjwa wa pumu. Pale yupo bibi, mkwewe Mwajabu. Kwako pameandikwa mafua."

Herieth akakumbuka. Balozi Pasikali alipopita akiuliza, wanawake wa mtaa, Mwajabu akiwemo, walikuwa wamekaa uani kwake wakichambua maharage. Pumu ni ya ukoo, watu husema. Binti wa nyumba hiyo haposwi. Mwajabu aliitamka pumu ya mkwewe waziwazi, Herieth akamwonea huruma. Yeye akasema, "Mafua tu."

Sasa wanawake walewale walikuwa wamejaa barabarani. Mwajabu alikwisha kumbeba Recho.

"Niandike nini, mama?" Tharsisi aliuliza.

"Pumu." Sauti haikutoka. Akarudia, wakasikia hadi ng'ambo. "Mwanangu ana pumu! Andika!"

"Pikipiki hii hapa, Mama Recho, panda twende hospitali," Mwajabu alisema.

Wakapanda mshikaki, wote watatu nyuma ya mwendesha pikipiki. Recho alilaza kichwa kifuani kwa Mwajabu, akashika shingo yake. Wivu ukamkaba Herieth upya. Alitamani kumnyang'anya, lakini mtoto alikuwa amekaa vizuri, akipata pumzi kidogo kidogo. Akamwacha.