Ishirini na Mbili ya Nini?

Wewe unayesoma, usijifanye hujui. Umeiona namba tupu kwenye simu yako, haina kizio, yaani jina la kipimo chake, ukageuza uso, ukajiambia wenye mitambo watakuwa wanajua. Hawajui. Heidrun Zschocke wa Halle, mashariki mwa Ujerumani, ameyasema hayo miaka nenda rudi mpaka watu wakamwona kero. Basi Jumanne moja asubuhi, ofisini, kahawa yake ikiwa bado ya moto, simu ikalia.

Alikuwa Gernot, kaka yake, mgonjwa wa kisukari, aliyehamia Bielefeld kwa binti yake, huko magharibi.

"Dada, macho yana ukungu na kiu haiishi. Nimepima, ishirini na mbili. Nikaiandika kwenye tableti niliyopewa na zahanati. Tableti inasema sukari imeshuka mno, ninywe glasi nzima ya juisi ya tufaha."

Heidrun aliinuka mpaka kiti kikapinduka. "Usinywe! Haijashuka, imepanda! Weka glasi chini!"

"Umeanza. Kwako kila cha magharibi ni kibovu. Ukuta wa Berlin umeanguka, wewe bado unaupigia kelele."

"Gernot, nakuomba!"

"Tableti ya daktari na wewe, nani amesomea?"

Ndiyo, Heidrun alikuwa na kumbukumbu ndefu. Alikumbuka kiwanda cha kwao kilivyofungwa na watu wa magharibi walivyokuja kukinunua, na alikuwa ameisimulia habari hiyo kila Krismasi, mezani, mpaka Gernot akaziba masikio. Leo alikuwa anasema kweli tupu, na masikio yalikuwa bado yamezibwa.

Maana Ukuta uliogawa Ujerumani ulianguka, lakini sukari ya damu ilibaki na mpaka wake. Mashariki wanaipima kwa milimoli, magharibi kwa miligramu. Ishirini na mbili ya Halle ni sukari iliyopaa kupita kiasi. Ishirini na mbili ya Bielefeld ni mtu anayekaribia kuzimia kwa kukosa sukari. Gernot alihama na mashine yake ya kupimia, na tabia yake ya kwao: kutaja namba, basi. Huko alikohamia nao wana tabia hiyohiyo.

"Thies!" Heidrun aliita. "Zahanati ya kaka yangu inatumia chombo chetu!"

Thies Brockmöller, kijana wa Bremen, magharibi vilevile, aliyeshirikiana naye kazini, alikuja mbio na mkate mdomoni. Wawili hao walikuwa wametengeneza chombo cha kubadili vipimo, si kwa ajili ya watu, bali kwa mawakala wa akili mnemba, ile mitambo inayojibu wagonjwa kwa niaba ya zahanati. Wakala anatuma namba, chombo kinamrudishia imebadilishwa. Namba ikija tupu, Thies alikuwa amekiagiza kifuate kizio cha mji wa zahanati. Heidrun aliandika kanuni nyingine: namba tupu ikataliwe, mgonjwa mwenyewe aulizwe. Walikuwa wamegombana wiki nzima.

"Washa kanuni yangu," alisema.

"Mama, hatujaijaribu! Na wateja watatukimbia tukiwauliza-uliza kama askari wa mpakani!"

"Kaka yangu ana glasi mkononi, Thies!"

Thies alimtazama mara moja tu, akautema mkate, akabonyeza.

"Gernot," Heidrun alisema kwenye simu, akifungua spika Thies naye asikie, "mimi usinisikilize. Iandike tena ile namba. Tableti yako ikisema tena kunywa, kunywa, sitasema neno."

"Unaahidi?"

"Andika, mzee!"

Walisikia vidole vikigonga kioo. Kisha sauti ya wakala, tulivu: "Ishirini na mbili ya nini? Tafadhali nisomee herufi zilizo pembeni ya namba kwenye mashine yako ya kupimia."

"Ngoja nivae miwani… Milimoli kwa lita."

"Usinywe juisi. Kwa kipimo cha hapa, hiyo ni mia tatu tisini na sita. Sukari yako imepanda sana. Nampigia daktari wako sasa hivi."

Glasi ikatua mezani. Ilisikika kabisa.

"Heidrun?" sauti ya Gernot ilikuwa ndogo. "Nilishaigusa kwa midomo."

"Ulimeza?"

"Bado."

Thies alipiga ukelele ukatikisa madirisha, akamkumbatia Heidrun na kumzungusha. "Imeuliza! Umeisikia? Imeuliza yenyewe!" Heidrun alicheka machozi yakimtiririka, huku akimpiga mgongoni: "Wiki nzima, kichwa kigumu wewe! Wiki nzima!"

Lakini hicho ni chombo kimoja. Zahanati zenye vyombo vingine bado zinakisia, na wagonjwa wao wanashika glasi. Kwa hiyo inuka, sasa, kabla hujaweka ukurasa huu chini. Chukua mashine ya mama yako, ya jirani yako, soma herufi zilizo pembeni ya namba. Kisha wapigie wenye ule mtambo unaomshauri, waulize unafanya nini ukipewa namba tupu. Wakisema unakisia, usikate simu mpaka wauzime.