Mtani Aliyevaa Kofia ya Damiano

Mwanangu Melkizedek alipoondoka hapa Mvumi, Kilosa, kwenda kuchezea timu ya Mikumi, baba yake alimsindikiza kwa baiskeli, viatu vya mpira vikining'inia kwenye usukani. Mimi nilibaki na rozari yangu. Nilijua miguu ile hairudi shambani. Kutoka Mikumi akachukuliwa Morogoro, kisha Dar, kisha Omani. Goti lilipoharibika wakamfanya kocha hukohuko. Watu wa Kilosa wakawa wanamwona kwenye simu, amesimama pembeni ya uwanja, kakunja mikono vilevile kama Damiano.

Damiano, marehemu mume wangu, alikuwa mtu wa kutengeneza reli. Akitoka kazini, hata hajanawa, anampigia mwanawe mpira wa matambara kando ya nyumba: "Meli! Tazama kabla hujapokea!" Nikisikia hivyo jikoni, najua ugali usubiri.

Alifariki wakati wa masika, timu ya Meli ikiwa mashindanoni. Meli hakuja. Tulizika bila mkono wa mwanawe kutupa udongo. Simlaumu, Mungu ndiye apangaye. Lakini kwetu mtoto aliyekosa maziko haendi kaburini kama anayekwenda kisimani. Mpaka watani wamruhusu.

Agosti hii akaja kwa misa ya kumkumbuka baba yake. Kesho yake anarudi Omani. Ilikuwa siku hiyo au basi.

Tulipotoka kanisani tukamkuta mzee Yassin kalala katikati ya njia ya kaburini, mbele ya nyumba yetu, na mkeka katandika kabisa. Wazee wake walikuja huku kukata mkonge, na kabila lake na letu ni watani tangu zamani. Yeye na Damiano walitukanana maisha yao yote, wasinuniane hata siku moja.

"Shikamoo mzee," Meli akasema.

"Marahaba ya wapi? Nani huyu? Mgeni kapotea, mwonyesheni njia ya Mikumi akaangalie tembo!"

Watu wakacheka. Meli naye akatabasamu, kisha akafanya kosa la mtu aliyekaa mbali sana: akatoa pochi. Kicheko kikakatika.

"Mama Meli," Yassin akaniita, "mwanao anataka kumnunua baba yake kama mbuzi wa mnadani?"

"Rudisha mfukoni, mwanangu," nikamwambia taratibu. "Mtani hanunuliwi."

"Sasa nifanyeje, mama? Kesho naondoka."

"Msikilize yeye."

Yassin akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba yetu. Alipotokea, nikaishika rozari yangu. Amevaa kofia ya Damiano ya kazini na koti lake la mvua, vitu alivyochukua siku ya kuanua tanga. Bega la kushoto kaliinamisha, kama la mtu aliyebeba mataruma ya reli miaka mingi. Kwapani ana mpira wa matambara. Ndiyo kazi ya mtani, kumwigiza marehemu. Lakini sikutegemea aniletee mume wangu mzima vile.

Akaupiga mpira. "Meli! Tazama kabla hujapokea!"

Kocha mzima, na suti yake, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, ndipo akaupokea. Goti likamkatalia. Akakaa vumbini, mpira kaukumbatia, akalia kile kilio tulichomdai tangu masika yale.

"Baba, nisamehe. Nilikuwa kwenye mechi."

"Mlishinda?"

"Tulifungwa."

"Mjinga wewe! Unakosa maziko yangu, halafu unafungwa?"

Tulicheka huku machozi yakitutoka. Hata Meli alicheka, kamasi zinamtiririka kama zamani. Yassin akavua ile kofia, akamvisha, akamshika mkono kumwinua. Kisha akaukunja mkeka wake na kusimama pembeni ya njia.

Kaburini Meli akachota udongo. Kabla hajautupa, akageuza shingo, ananitafuta nilipo. Nilikuwa nyuma yake palepale. Nikaanzisha Baba Yetu.